Tulivyomunyima Bwana Meno Tabasamu

Kadutu, Bukavu
Tarehe 10 Novemba 1957

Mpendwa kaka yangu Raphaël,

Jambo sana, na jambo ya nyumba yako nzima. Uko muzima? Wifi yangu Marie-Louise iko namna gani, kile kikohozi kilimuacha? Watoto wanasoma? Huko Albertville joto bado linawapika? Siye huku tuko, tunamushukuru Mungu. Mvua inanyesha tangu asubuhi na udongo wa Kadutu unang'ang'ania viatu, lakini paa halivuji. Maman iko muzima kule Kasha. Goti tu njo linamusumbua akishuka mulima, na bado hakubali mutu amubebee kikapu. Amesema nikuambie kwamba alikuota ungali mutoto, umepanda juu ya muti wa avoka na hutaki kushuka.

Barua yako ilifika. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaificha Maman asiione. Unasema utapanda bateau ya ziwani mpaka Uvira, uchukue camion ya mizigo kupitia Kamanyola, ufike hapa na kisu, umutafute yule muzungu aliyemuaibisha mudogo wetu Modeste. Kaka, usije. Sikukatazi kwa sababu ninamuhurumia yule mutu. Simuhurumii hata kidogo. Ninakukataza kwa sababu umechelewa. Kazi hiyo tumeimaliza siye wenyewe, na damu haikutoka. Kaa vizuri nikuhadithie, maana najua habari uliyopata ilikuwa nusu tu, na nusu iliyobaki njo tamu.

Wewe uliondoka kabla ile hoteli ya kando ya ziwa haijafunguliwa, kwa hiyo mwenye yake humujui. Jina lake Monsieur Hanssens, lakini siye tulimuita Bwana Meno. Alicheka asubuhi, alicheka mchana, alicheka akikusalimia na akikufukuza. Kila siku kabla ya kazi alitupanga mustari, wale wa meza, wale wa kufagia, hata siye wa pasi ambao wageni hawatuoni. Alipita mbele yetu akisema, "Souriez! Souriez!" yaani tucheke, na mutu asiyeonyesha meno alirudishwa nyuma kama sahani yenye uchafu. Alisema wageni wa Bulaya wanapenda Mweusi anayecheka, na kwamba Mweusi asiyecheka anawaharibia usingizi.

Mutu mumoja tu hakusimama katika mustari ule. Ni mupishi mukubwa, Madame Jadwiga. Jina hilo wanalisoma Yadviga. Ni muzungu, lakini si Mubeleji. Ni wa Poland, ile inchi Wabeleji wanaita Pologne, basi siye tukamuita Mupolone. Warusi walimutoa kwao wakati wa vita, akazungushwa dunia mpaka akaangukia katika kambi ya wakimbizi huko Tanganyika. Kule njo alijifunza Kiswahili. Anasema "mtoto" mahali siye tunasema "mutoto", na matusi anayajua vizuri kutupita.

Mama huyo hakuchekea mutu. Ukimusalimia anaitika, lakini uso wake unabaki umefungwa kama duka siku ya Mungu. Wageni walinung'unika, wakasema anawaangalia kama watu waliomuibia ng'ombe. Bwana Meno aliwatuliza, Madame mwenyewe akisikia: "Musijali, ni Mupolone. Wapolone wote wako vile. Mungu alisahau kuwapa kicheko." Wageni wakacheka sana. Na siye pia tulimuogopa. Bisimwa, yule wa kuosha masufuria, alisema mutu asiyecheka hakosi kuwa murozi, na kwa muda murefu hakukubali kula makombo ya jiko lake.

Kumbe ni maneno ya bure. Siku ya Pasaka alikuja mutu wa kwao kutoka Usumbura, mwanaume wa masharubu mekundu. Mupolone huyo alianza kucheka akishuka kwenye gari. Alichekea kuku, alichekea mvua, alichekea kofia ya sentineli wa mulangoni. Na Madame, walipokaa wawili jikoni, alicheka mpaka akajifuta machozi na aproni. Mimi nilikuwa naleta vitambaa vya meza, nikabaki mulangoni mudomo wazi. Aliponiona, uso ukajifunga tena. Nikajikaza nikamuuliza:

"Madame, kumbe unajua kucheka?"

"Najua. Nacheka na watu wangu. Kwetu ukimchekea mtu usiyemjua, atajiuliza unataka kumwibia nini."

"Na siye?"

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Nyinyi ndio kwanza naanza kuwajua," akasema, kisha akanifukuza kwa sababu nilikuwa nazuia mwangaza.

Sasa nije kwa Modeste. Unajua kwamba mutoto wake Colombe alikufa na surua mwezi wa tano. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na alama za mikono yake bado ziko pale, mama wa mutoto, Euphrasie, amekataa zifutwe. Tulimuzika siku ya Mungu. Kesho yake Bwana Meno akatuma mutu kusema hoteli imejaa, Modeste arudi. Modeste akaenda, maana kazi ikikatika, ruhusa ya kukaa mujini nayo inakatika, angeipeleka wapi bibi yake iliyofiwa? Ile suti nyeupe ya kazi niliipiga pasi mimi.

Bwana Meno alimupokea, akamuambia pole. Kweli, alisema pole, lakini kwa meno yote. Modeste akapeleka supu mezani na hakumwaga hata tone. Alifanya kazi yake sawa na kila siku, ila hakucheka. Basi yule mutu akamuita katikati ya salle, wageni wakiwa wanakula.

"Souriez, Modeste."

Modeste akamuangalia tu. Hapo Bwana Meno akamutia vidole katika pembe za mudomo, huku na huku, akavuta juu kama mutu anayechagua mbuzi sokoni. Akamugeuza kwa wageni, akasema, "Voilà! Munaona? Huyu si Mupolone!" Wakacheka, kaka. Watu walikuwa na mukate mudomoni, wakacheka. Mimi nilikuwa mulango wa jiko na nguo mikononi, nikaona machozi ya ndugu yetu yakishuka juu ya vidole vya yule muzungu. Akavipangusa na kitambaa cha meza. Kitambaa nilichopiga pasi mimi.

Modeste aliweka sahani chini polepole, akatoka kwa mulango wa mbele, ule ambao siye hatukuruhusiwa kupita, na hakurudi. Alipofika nyumbani alikaa, na neno halikumutoka tena, wala kwa Euphrasie wala kwa Maman. Mwishoni tukamupeleka Luhwindja kwa mujomba Philémon, kwenye machimbo ya zahabu, labda mulima na maji vimusaidie. Hayo uliyapata.

Usichokipata ni hiki. Kilio kilikuwa bado hakijavunjika, tukaona muzungu mwanamke anapanda Kadutu kwa miguu, mchana, jua kali. Watu walitoka nyumbani kuangalia. Alikuwa Madame Jadwiga, amebeba mukate katika kitambaa. Akavua viatu, akakaa chini kwa mukeka na wanawake. Hakusema mambo ya kutia moyo, hakusema mutoto yuko kwa malaika. Alimuambia Euphrasie maneno mawili, "Nami nilizika," akakaa vile mpaka jua likapungua. Na ule uso tuliouogopa, kaka, pale kwenye kilio ulikuwa uso wa haki. Kati ya wazungu wote wa Bukavu, ni wake peke yake uliofanana na siku ile.

Tangu hapo nilikula chuki kama bugali. Nilipopiga pasi makola ya Bwana Meno, niliona shingo yake ndani. Nilimuwaza akianguka ngazi, nilimuwaza akiliwa na surua uzeeni. Usifikiri wewe peke yako una moyo wa kisu.

Kisha mwezi wa nane ikaja habari. Wakubwa wa kampani moja ya safari walikuwa wanatoka Bruxelles kuchagua hoteli. Hoteli ile watakayoipenda, watalii wao wote watakaokuja kuona Kivu watalala humo. Bwana Meno alikuwa kama bwana harusi. Alishachoresha kibao kipya kikubwa, "Hôtel du Sourire," Hoteli ya Tabasamu, kimefunikwa na shuka mbele ya mulango, kingoje kufunuliwa wakubwa wakishakula. Akatuambia, "Kesho nataka kuona meno mpaka lile la mwisho."

Mchana ule tulikutana nyuma ya nyumba ya kufulia. Bisimwa alikuwa na majani ya kuendesha tumbo, anataka kuyatia katika supu. Tulikuwa tunakubaliana naye, Madame Jadwiga akatokea na kisu cha vitunguu mukononi.

"Supu yangu haiguswi," akasema. "Mkimharibia chakula, atawaambia wale watu: mnaona, ndivyo walivyo. Nao watamwamini. Tena nitaondoka hapa nikiitwa mpishi mbaya. Aibu hiyo siitaki."

Bisimwa akatupa majani chini. Watu wakaanza kutawanyika. Sijui nani alinitia maneno mudomoni, lakini nilisema, "Basi tumupe kila kitu kizuri. Tumunyime kimoja tu, kile anachokitaka."

"Kitu gani?" Cirhuza akauliza. Cirhuza ni yule muzee wa meza mwenye mvi, labda unamukumbuka, alikuwa akiimba kwenye kwaya na Papa, baba yetu.

Nikanyosha kidole kwenye uso wa Madame.

Walielewa wote mara moja, na wote wakaogopa mara moja. Mutu hawekwi bulogo, yaani gerezani, kwa kuiba tu, kaka, hapa anawekwa hata kwa jicho baya. Na Cirhuza njo alikuwa na nyumba iliyojaa kutupita wote. Alishika mashavu yake kama mutu anayeumwa jino, akasema, "Nimewachekea wazungu tangu sijaota ndevu. Mashavu imechoka. Kesho mimi iko Mupolone."

Bisimwa akasema naye iko Mupolone. Basi tukawa Wapolone wote. Madame Jadwiga akatikisa kichwa, akasema siye ni wajinga, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kaka, ungeona ile salle! Hatujawahi kufanya kazi vizuri vile. Vitambaa vyangu vilisimama kama maua, visu viling'aa, wale wa meza walikuwa weupe pe, kucha zimekatwa. Wageni wakaingia wakiongea kwa sauti, mukubwa wao na bibi yake na wengine. Cirhuza akawavutia viti, akawainamia kwa heshima. Uso wake ulikuwa jiwe. Akaja wa mukate, jiwe. Akaja wa divai, jiwe. Polepole maneno ya wageni yakapunguka, mwisho ikabaki sauti ya vijiko.

Bwana Meno aliona. Alipita nyuma ya watu akinong'ona "souriez, souriez," na watu wakamujibu "oui, Monsieur," na uso hausogei. Kadiri siye tulivyofunga, yeye alifungua, alicheka kwa niaba yetu wote. Kola yake niliyoipiga pasi mimi ililowa jasho. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango wa jiko nachungulia, na nikuambie kweli, tangu ubatizo sijasikia utamu wa namna ile.

Yule bibi wa mukubwa njo alishindwa kwanza. Akamuuliza Cirhuza kwa Kifaransa, "Kuna musiba katika nyumba hii?"

"Ndiyo, Madame."

"Nani amekufa?"

"Colombe, Madame. Mutoto wa Modeste, aliyekuwa wa meza kama mimi. Tulikatazwa kumulilia siku ile. Tunamulilia leo."

Kijiko cha yule mama kikabaki hewani. Bwana Meno akaruka, anacheka, mikono hewani, "Musimusikilize! Ni mupishi wangu, ni Mupolone, amewaambukiza! Wanamuiga kama nyani!" Kisha, kaka, akafanya kitu ambacho hakuna mutu kati yetu angeweza kumutuma akifanye. Akamushika Cirhuza, muzee mwenye mvi, akamutia vidole katika mudomo, akavuta. "Voilà!" akasema. "Voilà!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Cirhuza alibaki wima, sahani ya samaki mukononi haikuinama hata kidogo. Mukubwa wa wageni akaweka kitambaa mezani, akasema polepole, "Muachilie mutu huyo." Bwana Meno akatoa vidole. Lakini kicheko chake kilibaki usoni, hakujua namna ya kukitoa. Madame Jadwiga alikuwa ametoka jikoni, amesimama na aproni yake anamuangalia, na uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku.

Yule bibi akaomba koti yake. Wakasimama wote, wakaacha samaki, wakaenda kulala hoteli ingine. Sikudanganyi kwamba walituhurumia. Nafikiri iliwachafua moyo tu, maana wazungu wa Bulaya hawapendi kuona vidole vikifanya kazi wakati wanakula. Kwangu ni sawa. Sikuhitaji huruma yao, nilihitaji waondoke.

Asubuhi akaita polisi. Kamishna akatupanga, akamuuliza ameibiwa nini. Hakuibiwa. Wamevunja nini? Hawakuvunja. Wamemutukana? Hapana. Chakula kilikuwa kibaya? Kilikuwa kizuri. "Basi kosa ni gani?" Bwana Meno akasema, "Hawakucheka." Kamishna akafunga kalamu, akamuangalia kama mutu anayesikia harufu ya pombe.

Tulifukuzwa wengi, hiyo siwezi kukuficha, na Cirhuza alikuwa wa kwanza. Madame Jadwiga alijifukuza mwenyewe. Alivua aproni, akachukua sufuria moja aliyosema ni yake, akatoka. Sasa amefungua mahali pa kuoka mukate karibu na soko, na Cirhuza na mimi na Bisimwa tuko naye. Anatupigia makelele kutwa nzima. Anasema chachu yangu inalala kuliko mimi. Lakini juzi Bisimwa aliteleza akaanguka na kinu cha unga, akawa mweupe kupita Wabeleji, na Madame alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua basi, sasa anatujua.

Bwana Meno naye, habari ilimutangulia kila mahali. Katika cercle, kilabu yao ya kunywa, wazungu wenzake walikuwa wakimuona wanajivuta pembe za mudomo. Wageni wakapungua, wapishi wazuri wakamukataa. Kile kibao hakikufunuliwa, mvua iliozesha shuka juu yake. Mwezi uliopita akauzia Mugiriki mumoja hoteli yote, akapakia mizigo.

Siku yake ya kuondoka nilivaa liputa, kile kitenge changu cha Misa, nikaenda kusimama kando ya njia makusudi. Madame naye alikuja, anasema anakwenda tu kuangalia unga. Gari ikapita polepole kwa sababu ya matope. Akaniona. Kaka, nikamupa meno yote. Nikamupa na pengo la nyuma. Nilicheka mpaka gari ikapotea kwenye kona, na yeye aligeuza uso kama mutu aliyetupiwa maji machafu. Nikamuuliza Madame, "Hata leo hucheki?" Akajibu, "Mtu huyu simjui."

Cirhuza alipanda mpaka Luhwindja kumupelekea Modeste habari. Anasema Modeste alisikiliza huku anaosha mchanga, hakuinua macho. Habari ilipokwisha akasema, "Anza tena." Njo maneno yake ya kwanza tangu mwezi wa tano. Cirhuza akaanza tena. Walipofika kwa kamishna, Modeste akasema, "Hapo, rudia." Hakucheka, wala hatumungoji acheke. Lakini anasema, na Euphrasie amekwenda kukaa naye.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita nilikwenda kuungama. Nikamuambia Padri kwamba kila asubuhi nikiamuka ninaikumbuka ile gari katika matope na moyo wangu unacheza. Akaniuliza kama nimemusamehe yule mutu. Nikasema bado. Akaniuliza kama ninajuta kwa furaha hiyo. Nikasema, "Padri, nikisema ninajuta, nitaongeza uongo juu ya zambi." Nyuma ya wavu akasema, "Nenda, binti yangu. Urudi siku furaha hiyo itakapokwisha."

Sijarudi.

Musalimie Marie-Louise kwa mikono miwili, na watoto kila mumoja kwa jina lake. Maman anakusalimu, mujomba Philémon, Modeste na Euphrasie, muzee Cirhuza, na Bisimwa anayesema anakumbuka ulivyomupiga bao. Nyamuzinda, Mungu wa baba zetu, awafunike usiku na awaamushe asubuhi, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako.

Ni mimi mudogo wako nikupendaye siku zote,

Georgette